Mtaa Wetu Waitwaje, na Nani Aliyeulizwa?

 

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya msikiti pamoja na wazee wenzetu wawili, mara akatujia bibi mmoja wa mtaa wetu na bahasha mkononi. Bibi huyu twamjua tangu tukiwa wadogo wa chuoni. Kila Ramadhani alikuwa akituletea sahani ya kaimati kabla ya adhana ya magharibi, na hakuna hata mmoja katika rika letu asiyezikumbuka. Leo ni mtu mzima sana, naye amlea mjukuu wake, binti yatima aliyefaulu kuingia shule ya upili. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na fomu ya basari, imejazwa vizuri kwa mwandiko wa binti mwenyewe, isipokuwa pahali pamoja palipobaki patupu: jina la mtaa, na muhuri wa mzee wa mtaa.

Mtaa wetu, wasomaji wapenzi, uligawanywa mwaka jana ukawa mitaa miwili. Nusu moja ikapewa jina jipya, na nusu ya pili ikapewa jina jingine jipya, na jina la zamani, lile lililomo katika hati za mashamba na vinywani mwa wazee wetu, likabaki halina mwenyewe. Nyumba ya bibi iko karibu na kisima, na mpaka umepita hapo kisimani. Mzee wa upande wa kwanza akamwambia kwamba nyumba yake iko upande wa pili. Mzee wa upande wa pili akafungua daftari lake, akatafuta, akamwambia jina lake halimo. Bibi akaenda na kurudi kwa siku tisa. Siku ya kumi akafika ofisini na fomu yake, akaambiwa muda wa kupokea fomu umekwisha.

"Mwanangu Maalim," akatuambia, "mimi nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, na nimemzika mume wangu hapa. Leo nikiulizwa naishi wapi, nijibu nini?"

Hatukuwa na jibu. Na tungekuwa tumekosa jibu tu, ingekuwa nafuu. Ukweli ni kwamba katika jambo lile nasi tuna sehemu yetu, na si haki tuandike makala haya tukiwalaumu watu wengine pasi na kuanza na nafsi zetu.

Tangazo la mkutano wa kuugawa mtaa lililetwa msikitini siku ya Ijumaa. Sisi wenyewe ndio tuliolisoma baada ya sala, kwa haraka, watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu. Wanawake wa mtaa wetu, kama ijulikanavyo, wengi wao hawahudhurii Ijumaa; hivyo tangazo halikuwafikia. Mkutano wenyewe ulifanyika siku ya kazi, saa sita mchana, wakati mama zetu wako mekoni na vijana wako kazini. Tulikuwamo watu wachache, wanaume watupu. Sisi tukaketi kidogo, tukaandika jina letu katika karatasi ya mahudhurio, kisha tukaaga, kwani tulikuwa na darsa. Tuliliona jambo lile kuwa ni la kiserikali, la mipaka na mihuri, lisilotuhusu sana. Baadaye ikasemwa kwamba wananchi waliulizwa na wakaridhia, na ushahidi wa maridhiano hayo ni karatasi ile, yenye jina letu ndani yake.

Ndipo tukakumbuka kisa ambacho tumekifundisha miaka mingi pasi na kukitia maanani ipasavyo. Baada ya vita vya Hunayn, katika mwaka wa 8 wa Hijra, ujumbe wa kabila la Hawazin ulimjia Mtume (S.A.W.) ukiwa umesilimu, ukaomba kurejeshewa watu wao waliotekwa. Mtume akasimama mbele ya Waislamu akawaomba wawarejeshe kwa hiari yao. Watu wote wakapaza sauti kwamba wameridhika. Je, Mtume alitosheka na sauti ile? La. Aliwaeleza kwamba katika makelele ya umati hawezi kumjua aliyeridhia na asiyeridhia, akawaamuru warejee makwao mpaka maarifu wao wamletee neno lao. Arifu ni mtu anayewajua watu wa kundi lake mmoja mmoja, na ambaye wao wanamjua. Maarifu wakaenda, wakasema na watu wao, kisha wakarejea na jibu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imam Bukhari.

Tazameni basi uzito wa jambo hili. Mtume wa Mwenyezi Mungu, anayeteremshiwa wahyi, hakuikubali ridhaa ya jumla mpaka ipite kwa mtu anayejua nyumba za watu. Na sisi tuliridhika na karatasi ya mahudhurio ya watu wachache.

Katika kulitafakari jambo hili tumezirejea khabari za ndugu zetu wa mbali kidogo, ambao mtihani huu uliwafika kwa ukubwa kuliko sisi. Nao ni watu wa kisiwa cha Sumatra, huko Indonesia. Tumewachagua kwa sababu si wageni wetu kabisa. Wao ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii kama tulivyo wengi wetu pwani hii. Na masharifu na wanavyuoni wa Hadhramaut waliotia nanga Lamu na Mombasa ndio hao hao ambao jamaa zao walitia nanga katika bandari za Jawa na Sumatra. Ratibu ya Imam Haddad inayosomwa katika misikiti yetu yasomwa na huko pia.

Magharibi ya Sumatra wanaishi watu waitwao Minangkabau. Tangu zamani, kabla ya Waholanzi kuwatawala, utawala wao wa karibu uliitwa nagari. Nagari ni zaidi ya kijiji kwa maana ya nyumba zilizokusanyika pamoja. Kwa desturi yao, mahali hapawi nagari mpaka pawe na koo nne, pawe na msikiti, na pawe na ukumbi wa mashauri. Ndani ya nagari mna vitongoji viitwavyo jorong. Na utawala wake waufananisha na chungu kilichoinjikwa juu ya mafiga matatu: figa la kwanza ni wazee wa koo, figa la pili ni maulamaa, na figa la tatu ni wenye elimu na busara ya dunia. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Sisi nasi husema figa moja haliinjiki chungu.

Indonesia ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1945, maelezo ya Katiba yake yalizitaja tawala hizi za asili kwa majina yake: desa za Jawa na Bali, nagari za Minangkabau, na marga za Palembang. Lakini mwaka 1979, zama za Rais Suharto, ilipitishwa Sheria Nambari 5 kuhusu utawala wa vijiji. Sheria hii ilitaka nchi nzima, yenye maelfu ya visiwa na mamia ya lugha, iwe na kijiji cha namna moja na jina moja. Jina lililochaguliwa ni desa, neno la Kijawa.

Huko Minangkabau sheria ilianza kutumika mwaka 1983, na hapo pana mazingatio makubwa. Serikali kuu ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila desa, na kiwango kilikuwa kimoja kwa desa kubwa na ndogo. Viongozi wa jimbo wakapiga hesabu. Nagari zilikuwa zaidi ya 500. Zikiitwa desa kama zilivyo, zitapata mafungu 500 na ushei. Lakini kila kitongoji kikiitwa desa, mafungu yatazidi mara kadhaa. Basi nagari zikapasuliwa, na desa zaidi ya 3,000 zikazaliwa. Fedha zikaja. Na pamoja nazo yakaja yasiyotiwa katika hesabu.

Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta katika vijiji viwili. Soko na ardhi ya pamoja, ambayo ilikuwa mali ya nagari nzima, sasa ikawa haijulikani ni ya desa ipi. Mkuu wa desa akawa ni mtu wa serikali, mwenye muhuri na mshahara. Wazee wa koo wakabakishiwa baraza la kuhifadhi mila, lenye heshima bila mamlaka. Mtu mwenye shida akawa na milango miwili ya kubisha: mmoja wenye kujua haki yake na usio na muhuri, na mwingine wenye muhuri na usiomjua yeye ni nani. Na hivi sivyo alivyopatwa bibi yetu?

Suharto alijiuzulu mwezi wa Mei 1998. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria mpya, Nambari 22 ya 1999, iliyosema kwamba utawala wa kijiji waweza kuitwa desa au jina jingine kwa mujibu wa mila na asili ya mahali. Watu wa Sumatra Magharibi hawakungoja. Mwaka 2000 jimbo lao lilipitisha kanuni Nambari 9, na nagari zikarejea kuwa utawala rasmi. Mkuu wake akaitwa wali nagari. Neno wali ni lile lile la Kiarabu lililotupa sisi liwali. Na katika baraza la nagari, pamoja na wazee, maulamaa na wasomi, wakatajwa kwa jina wawakilishi wa wanawake, ambao kwao huitwa bundo kanduang, yaani mama wazazi.

Hapa yatupasa tuseme neno la insafu. Mila ya Minangkabau ni kwamba ukoo na ardhi ya asili hufuata upande wa mama. Katika mambo ya mirathi, jambo hili limeleta mjadala mkali wa wanavyuoni. Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa Minangkabau aliyekuwa khatibu na imamu wa Kishafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka mpaka alipofariki mwaka 1916, aliipinga waziwazi mirathi ya namna hiyo, na wanafunzi wake walirudi kwao wakaendelea kulijadili. Sisi hatuisifu kila mila kwa kuwa ni mila. Mizani yetu ni sheria. Na wao wenyewe wana kanuni wanayoishika, kwamba mila imesimama juu ya sheria ya dini, na sheria imesimama juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Tunachokisifu ni kwamba watu hawa, walipopata nafasi ya kupanga upya utawala wao wa karibu, walikumbuka kuuliza: mama yuko wapi katika baraza hili?

Wala tusidhani kurudisha jina kulimaliza kila tatizo. Vijiji vilivyokwisha kuzoea kujitegemea vilikataa kurudi chini ya nagari ya zamani. Mipaka ikazua ugomvi. Viti vya wanawake vikawa vichache mbele ya viti vya wanaume, na wengine wao wakalalamika kwamba waitwa katika sherehe kuliko katika maamuzi. Kisha ikaja Sheria Nambari 6 ya 2014, inayopeleka fedha za serikali moja kwa moja mpaka kijijini, katika vijiji zaidi ya 74,000 nchini kote. Na nagari nyingi zikaanza tena kugawanywa, kwa sababu ile ile ya mwaka 1983. Fedha hugawanya hata wale waliokuwa wameungana kwa jina. Lakini sheria hiyo iliweka pia jambo jema: mambo makubwa ya kijiji, pamoja na mpango wake na mali yake, yajadiliwe kwanza katika mkutano wa wanakijiji uitwao musyawarah. Kwetu twasema mashauriano. Neno ni moja, na asili yake ni ile shura ambayo Mwenyezi Mungu ameitia katika sifa za waumini, na ambayo sura nzima ya Qur'ani imepewa jina lake.

Kaskazini ya kisiwa hicho hicho ni Aceh. Kijiji chao huitwa gampong, na kiongozi wake huitwa keuchik. Pembeni yake yuko imamu wa meunasah, nyumba ya sala na mafunzo ya kijiji, ambayo jina lake latokana na madrasa; na liko baraza la wazee. Gampong kadhaa zikiungana huwa mukim, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkaazi. Wanaosoma fikihi ya Kishafii wataona mara moja lilikotoka: Ijumaa kwetu haisihi ila kwa wakaazi arubaini, kwa hiyo vijiji viliungana kupata msikiti mmoja wa Ijumaa, na muungano huo ukawa utawala. Majina haya nayo yalizimwa na sheria ya 1979, kisha yakarudishwa kisheria: kanuni za jimbo za mwaka 2003 ziliithibitisha mukim na gampong, na baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005, Sheria Nambari 11 ya 2006 ikayatia nguvu.

Kati ya tarehe hizo likapita jambo ambalo sisi watu wa bahari hatuwezi kulisahau. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliipiga Aceh, na wimbi lake likavuka bahari mpaka likafika katika pwani zetu, japo kwetu lilifika limechoka. Aceh iliondoa vijiji vizima. Daftari zilipotea, hati zilipotea, na miti ya mipakani iling'olewa. Wajane na mayatima wakabaki hawana karatasi ya kuonyesha kwamba hapa palikuwa na nyumba yao. Ikawa waliosalimika hukaa pamoja na kukumbushana nani alikuwa jirani wa nani, kiwanja cha fulani kilianzia wapi, na mtoto huyu ni wa nani. Na mahakama za kisheria zikashughulikia mirathi na uwalii wa mayatima. Karatasi zilipokwisha, kilichobaki ni ujirani. Na mwanamke anayejua nyumba ipi iko karibu na ipi, nani kazaa na nani kafiwa, ndiye aliyekuwa daftari.

Haya yatosha kwa khabari za Sumatra. Turejee kwetu.

Pwani yetu nayo ina historia yake ya majina na mamlaka. Zamani za ukanda wa maili kumi, ambao ulikuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar na kuendeshwa na Waingereza kuanzia mwaka 1895, walikuwapo maliwali, mamudiri na makadhi. Mapatano ya mwaka 1963, kabla ya ukanda huo kuingia katika Kenya huru, yaliahidi kulinda mahakama za kadhi, na kwamba katika sehemu zenye Waislamu wengi watawala wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo. Kadhi yumo katika Katiba mpaka leo. Maliwali na mamudiri wamebaki katika historia. Na jirani zetu na ndugu zetu Wamijikenda walikuwa wakiitwa Wanyika, jina walilopewa na wengine kwa dharau, mpaka katika miaka ya 1940 wakajichagulia wenyewe jina la miji yao tisa. Hili la jina ni jambo lenye mizizi katika dini yetu: Mtume (S.A.W.) alikuwa akibadilisha majina mabaya, ya watu na ya mahali, na mji wake wenyewe uliokuwa Yathrib ndio leo Madina. Kwa hivyo kubadilisha jina si kosa. Mabadiliko mema humwondolea mtu unyonge, nayo mabaya humpotezea mtu anwani.

Je, sheria ya nchi yetu yasemaje? Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeteremsha utawala kutoka kaunti hadi kaunti ndogo, kisha wadi, kisha kijiji. Bunge la kaunti ndilo lenye kupanga idadi na mipaka ya vijiji, na limetakiwa kutazama idadi ya watu, umbo la ardhi, njia za mawasiliano, na mafungamano ya watu ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Kila kijiji chatakiwa kuwa na msimamizi, na baraza la kijiji lenye wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wanaoteuliwa kwa ushindani na kupitishwa na bunge la kaunti, huku uwiano wa wanaume na wanawake ukizingatiwa. Mwenye kutaka kuwa mzee wa baraza hilo awe raia, na awe ameishi hapo mfululizo kwa miaka isiyopungua mitano. Kaunti nyingi zimechelewa kuliunda baraza hili, na tusilichanganye na wazee wa mtaa wanaofanya kazi chini ya chifu, ambao wao ni wa upande wa serikali kuu.

Tumeyataja haya kwa urefu kwa sababu tumegundua kwamba wengi wetu hatuyajui. Hasa mama zetu na dada zetu. Sheria haisemi mzee ni mwanamume. Mwanamke aliyeishi mtaani kwa miaka arubaini, anayejua kila mlango na kila yatima, ana haki ya kuomba nafasi hiyo, kwa heshima yake na stara yake. Asiyependa kuomba yeye ana haki ya kusikilizwa. Siku ya Hudaybiya, masahaba walipozidiwa na huzuni wasiitikie amri ya kuchinja na kunyoa, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe. Mtume akafanya hivyo, na watu wote wakafuata. Shauri moja la mwanamke ndani ya hema liliuokoa umma katika saa nzito. Vipi basi sisi tutaugawa mtaa bila ya kumuuliza mwenye nyumba iliyo kisimani?

Kwa hivyo twapenda kuusia mambo machache, nasi tumeanza kujiusia wenyewe.

La kwanza, tangazo lolote la kubadilisha jina au mpaka wa mtaa lisiishie msikitini siku ya Ijumaa. Lifikishwe katika vyuo, katika madarsa ya akina mama, katika vikundi vya maulidi na vya kuweka akiba. Sisi msikitini petu tumekwisha kubaliana: kila tangazo la namna hii litaandikwa, na walimu wa kike watalisoma katika darasa zao.

La pili, mkutano ukiitwa, tuulize saa. Saa sita mchana si saa ya kumtaka mama wa nyumba. Tuombe iwe baada ya alasiri, na pawe na mahali pa kukaa wanawake pazuri, si mlangoni.

La tatu, kabla hujaandika jina lako katika karatasi ya mahudhurio, uliza karatasi hiyo itatumika kwa nini. Kuhudhuria si kuridhia. Na kalamu ni shahada. Nasi tutaulizwa juu ya shahada zetu.

La nne, mtaa ukigawanywa, tusikubali kutoka mkutanoni mpaka tujue nyumba za mpakani ni za upande upi, nyumba kwa nyumba, na majina ya wenyewe yaandikwe katika daftari siku ile ile. Na jina la zamani litajwe katika barua pamoja na jina jipya kwa muda wa kutosha, ili hati za kale zisigeuke kuwa karatasi za mahali pasipokuwapo.

La tano, kila familia ihifadhi karatasi zake pamoja: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, hati za kiwanja, na vyeti vya wafu wetu. Akina mama ndio watunzaji wa sanduku hilo katika nyumba nyingi. Wafundisheni mabinti zenu kujua kilichomo ndani yake.

Ama bibi yetu, siku ya pili tulifuatana naye, sisi na majirani sita, watatu wanaume na watatu wanawake, tukawaita wazee wa mitaa yote miwili waje kisimani. Tukasimama hapo. Mama mmoja, jirani yake wa miaka mingi, akaanza kutaja nyumba zote kutoka kisimani hadi pwani, na wenyewe, na waliokuwapo kabla yao, bila ya kutazama daftari. Wazee wakamsikiliza hadi mwisho. Kisha mzee wa upande wa kwanza akafungua daftari lake, akaandika jina la bibi, akamtilia muhuri barua.

Basari ya muhula huu imempita binti. Wasomaji tusiwadanganye kwa kuwapa mwisho mtamu kuliko ulivyokuwa. Karo ya muhula wa kwanza imechangwa na jamaa wa msikiti, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mchango si badala ya haki, na fomu ya muhula ujao tutaipeleka mapema, inshallah. Tulipoagana na bibi alitutazama, akasema kwa upole: "Siku ile ya mkutano, mwanangu, ungelipita tu kwangu ukaniambia."

Ni kweli. Nyumba yake iko njiani kwetu. Tulipita mbele ya mlango wake tukienda mkutanoni, na tukapita tena tukirudi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoghafilika, awajaalie viongozi wetu wa karibu na wa mbali wawe wenye kuwajua watu wao, azilinde nyumba zetu na mayatima wetu, na aijaalie mitaa yetu iwe ya mashauriano na maelewano. Amin. Wabillahi taufiki.